Mto wa Hewa wa Kona ya Tatu

Lambert Pyke alipiga magoti kwa mafungu: kwanza goti la kulia, kisha fimbo, kisha mguu wa kushoto, ambao ulikuwa umegoma kukunjika tangu ujanani, akaunyoosha kando kama gogo aliloazima kwa mtu.

"Ukimaliza kusali utuambie kama tumekubaliwa," alisema Gethin Maddock, aliyesimama nyuma yake.

"Naomba kitambi chako kisogee. Kinanizibia mwanga."

Gethin akasogea. Alikuwa promota wa Kunguru, timu ya pikipiki ya Wexholme, na siku nyingine yoyote asingekubali kutaniwa kitambi bila kurudisha mbili. Asubuhi hii alikohoa tu. Pyke akalitia hilo akilini, akaendelea kupapasa uzio.

Uzio wa kona ulikuwa wa mito ya hewa, kila mmoja mkubwa kama godoro la jitu, na kila mmoja ukishikana na mwenzake kwa kifuniko chenye utepe wa kunata, kama ule wa viatu vya watoto. Mashine za upepo ndizo zilizoijaza. Nyuma ya mito kulikuwa na mbao, na nyuma ya mbao nguzo za chuma. Pikipiki za mchezo huu hazina breki. Ukimwuliza mtu yeyote wa majukwaa yale ni kwa nini, atakutazama kama umemwuliza kwa nini samaki havai viatu. Zamani wanaume walisimamishwa na mbao na kusifiwa kwa hilo. Siku hizi ligi inataka wasimamishwe na hewa.

Jumamosi jioni, katika mbio ya nane, Jory Penhallow aliteleza hapa, kona ya tatu. Kuteleza si habari. Wanateleza kila wiki, wanajikung'uta, wanamtukana aliyewagusa, wanarudi kunywa chai. Ila safari hii kifuniko kati ya mito miwili kilifunguka, gurudumu likapenya katikati, na Jory akakutana na mbao na nguzo. Mbio zilivunjwa palepale. Sasa alikuwa hospitalini na vyuma pajani, na ligi ilikuwa imemtuma Pyke, mpelelezi wake wa ajali, aje aseme nani alaumiwe.

"Hebu niambie tena," Pyke alisema. "Jana kwenye simu ulikuwa unapiga kelele, sikuambulia kitu."

"Mtu alikifungua. Tisdall, mpima ardhi wa mwenye kiwanja. Alikuwa hapahapa Jumamosi na kile kidude chake cha miguu mitatu. Jukwaa zima limemwona."

"Anapima nini?"

"Nyumba! Anapima nyumba za kujenga hapa. Unajua mkataba wetu, Lambert. Klabu ikisimamishiwa leseni hata siku moja, kiwanja kinarudi kwa mwenyewe. Ramani keshachora. Barabara keshazipa majina. Kuna Mtaa wa Kunguru, mshenzi yule."

"Na leseni inasimamishwa kwa kosa gani?"

"Usinifanyie mtihani."

"Ndiyo nakufanyia."

Gethin akaikunjua mikono yake, akasema kama mwanafunzi aliyesimamishwa mbele ya darasa. "Refa akishakagua uzio, mtu wa klabu asiuguse bila kumwarifu. Akiugusa na mtu akaumia, leseni inasimama mpaka kamati ikae. Akiugusa mtu wa nje kwa hila, klabu haina kosa."

"Kwa hiyo unamhitaji sana Tisdall."

"Namhitaji kuliko nilivyowahi kumhitaji mke wangu."

"Yupi?"

"Wote wawili."

Pyke akakamata kifuniko cha mto wa jirani, kile kisichofunguka, akakivuta. Kikachanika kwa sauti ya krrr iliyowatimua njiwa juu ya paa la jukwaa.

"Tazama ndani. Utepe mweusi, safi. Hiki kilifungwa jioni nzima. Kingekuwa wazi, mbio saba za mwanzo zingekijaza udongo mwekundu hadi ungeweza kupanda viazi. Sasa njoo kwenye hiki chetu." Akapitisha kidole. "Unaona wekundu?"

Gethin akainama kwa shida. "Kidogo."

"Kidogo sana. Hautoshi hata figili. Kwa hiyo mbio ya kwanza mpaka ya saba, kifuniko kilikuwa kimefungwa. Kilifunguliwa wakati wa mapumziko, kabla ya mbio ya nane. Tisdall aliondoka saa ngapi?"

Gethin akatazama mawingu.

"Gethin."

"Kabla ya mbio ya kwanza. Mama wa getini anasema aliondoka ameziba masikio. Kelele zinamuumiza kichwa."

"Huyo ni mpumbavu," alisema Pyke, naye alimaanisha. "Lakini mpumbavu asiye na hatia. Mfute."

Akaugeuza utepe kwenye mwanga. Wekundu ulikuwa haba, lakini kulikuwa na kitu kingine: unga wa kijivu, mwembamba, umejaa kwenye meno ya utepe kama unga wa ngano kwenye brashi. Akainua upindo wa chini wa mto. Huko chini, juu ya udongo mwekundu, kulikuwa na unga uleule, konzi kadhaa, na ndani yake chenga ndogondogo nyeupe.

"Chokaa," Gethin alisema haraka. "Ya mstari wa kuanzia."

"Chokaa nyeupe iko pale mstarini. Hii ni ya kijivu na ina chenga."

Pyke alipogeuka, alimkuta Gethin ameshika kofia yake mkononi.

"Nani kakwambia uvue kofia?"

"Joto."

"Septemba hii? Mimi nimevaa fulana mbili."

Gethin akairudisha kofia kichwani, lakini alishachelewa. Pyke akakwangua unga kidogo, akautia kwenye bahasha, akaanza kazi ndefu ya kusimama.

"Baki hapa," alisema. "Usimpigie mtu simu."

"Lambert..."

"Hata wake zako."

Kwa kuwa Pyke alikuwa ameagiza uwanja usiguswe tangu Jumamosi, alama za matairi ya trekta, lile linalosawazisha udongo wakati wa mapumziko, bado zilisomeka pembezoni. Aliufuata mviringo wote akichechemea. Kona ya kwanza, trekta lilipita likiulamba uzio. Kona ya pili vilevile. Kona ya nne nusura libusu kibanda cha refa. Ila kona ya tatu, mbele ya mito ileile miwili, alama zilijitenga na uzio hatua kadhaa, zikasimama, kisha zikaendelea.

Fergus Dowd alikuwa bandani, ameegemea gurudumu la trekta lake, anatafuna mkate wa nyama ya nguruwe. Alikuwa mtu wa mabega mapana na maneno machache, na hata hayo machache aliyatoa kama anayatozwa ushuru.

"Hamjambo, mabwana," Pyke alisema.

Fergus akaangalia nyuma yake. "Niko peke yangu."

"Wewe na trekta. Kona ya tatu mlimwogopa nani?"

"Hatukuogopa."

"Mlimkwepa."

"Kulikuwa na mtu na reki."

"Fergus, nimekuja hapa miaka mingi. Wenye reki ndio wanaokukimbia wewe. Mwaka juzi ulimfukuza refa mpaka kwenye majani."

"Refa ni refa."

"Na huyu wa reki ni nani hata ukasimama?"

Fergus akatafuna. Akatafuna tena kipande kilekile.

"Ulisimama," Pyke aliendelea. "Matairi yamezama pale. Ulizima injini?"

"Kwani kuna kanuni ya kuzima?"

"Hakuna. Nashangaa tu. Dakika za mapumziko zinahesabiwa, refa ana king'ora mkononi, na wewe unazima trekta bovu kuliko yote kaskazini mwa Uingereza, ukijua halitawaka tena kirahisi."

"Lina mambo yake tu. Si bovu." Hapo ndipo Fergus alipokasirika. "Na liliwaka. Nililizima kwa heshima, kisha nikaliwasha, na refa akapiga king'ora kama kichaa. Sasa?"

"Heshima kwa nani?"

"Kwa Leo," alisema Fergus, kisha akaujaza mdomo mkate wote uliobaki, kama mtu anayetaka kulisukuma jina lirudi tumboni.

Pyke akatafuta ndoo, akaigeuza, akaketi.

Leo Hartnoll aliivalia Kunguru jezi kwa miaka yake yote ya mbio, hakuwahi kuhamia timu nyingine hata alipoitwa, na alifariki mwezi wa Februari baada ya kuugua kifua. Alikuwa pia ndiye aliyempa Pyke mguu wake wa kushoto wa sasa. Walikuwa vijana, Pyke akiiendeshea timu pinzani ya Pellgate. Leo alimbana kwa nje, kona ya tatu, wakati ule uzio ulikuwa mbao tupu.

"Mjane wake bado anashika reki?" Pyke aliuliza.

"Kona ya tatu. Tangu walipooana."

"Na sasa yuko wapi?"

"Yuko kibandani, anachemsha chai."

"Jumatatu? Anamchemshia nani?"

Fergus akainua mabega. "Mimi. Wewe. Yeyote."

Kibanda cha chai kilikuwa chini ya jukwaa kuu, na dirisha lake lilitazama uwanja. Merle Hartnoll alikuwa mwanamke mwembamba mwenye mvi zilizokatwa fupi, amevaa kizibao chake cha manjano cha kung'aa juu ya sweta, ingawa hapakuwa na mbio wala watu. Birika kubwa lilikuwa linafoka.

"Kaa, mpenzi," alisema bila kugeuka. "Mguu huo nautambua kwa mlio. Ulibebwa mbele yangu kwenye machela ukimlilia mama yako."

"Nilimtaja mama kwa sababu sikutaka kumtaja mumeo mbele ya watoto."

Merle akacheka, akamimina chai, akaongeza maziwa bila kuuliza. "Alikupelekea zabibu hospitali."

"Akazila mwenyewe, akiwa amekaa kitandani kwangu."

"Ndiye huyo."

Pyke akaweka bahasha juu ya kaunta, katikati ya sukari na vijiko. Hakuifungua.

"Merle. Majivu ya Leo uliyaleta kwenye chombo gani?"

Mikono ya Merle ilikuwa imelowa. Akaikausha, kidole kimoja baada ya kingine, kisha akatundika kitambaa.

"Chupa ya chai," alisema. "Ile kubwa. Getini siku hizi wanapekua mikoba."

"Kwa nini Jumamosi? Ungemwomba Gethin asubuhi moja uwanja ukiwa mtupu. Ungemleta na mchungaji."

"Leo alikataa. Kitandani pale, hana pumzi ya kuzimia mshumaa, ananiambia, 'Merle, usinipeleke kwenye bustani ya ndege na maua, nitachoka.' Alitaka siku ya mbio. Injini zina moto bandani, watu wanagombana kwenye foleni ya chipsi. Na huu unaweza kuwa msimu wa mwisho, kila mtu anasema. Ningengoja nini?"

"Wengine wanamwagwa pale katikati, kwenye majani."

"Katikati ni kwa mashabiki, mpenzi. Leo alikuwa mwendeshaji. Alitaka kona ya tatu, mahali alipokuwa anawapita watu."

"Na kuwavunja."

"Wachache tu. Sasa, juu ya udongo nisingeweza. Wale vijana wakipita, udongo wote unaruka jukwaani, unajua mwenyewe. Nione mume wangu anaishia kwenye glasi ya bia? Na upande ule Jumamosi wamekaa watu wa Pellgate!" Akatikisa kichwa. "Angefufuka."

Pyke akanywa chai. "Kwa hiyo ukafungua kifuniko."

"Nikafungua, nikaubana mto kwa goti, nikammimina chini. Upepo wa mashine ukatoka pembeni ukanirudishia nusu yake usoni. Hata alipokuwa hai ilikuwa hivyohivyo, humpeleki mahali kwa mara moja. Fergus akazima trekta. Ikawa kimya kidogo. Mara king'ora. Nikafunga, nikakandamiza kwa mikono miwili." Akaionyesha mikono ile, kama bado imekandamiza. "Nilikivuta, Lambert. Kikashika."

"Kilishika kwa ncha. Meno ya utepe yalikuwa yamejaa majivu."

"Jumamosi usiku kucha sikulala nikiuwaza huo utepe. Mimi ndiye ninayeupiga brashi kila wiki. Vumbi kidogo tu, haushiki. Nalijua hilo kama jina langu." Akageukia dirisha. "Lakini pale sikuliona kama vumbi. Nilimwona Leo."

Birika likafoka. Merle akalizima.

"Jory nilimpelekea keki jana," alisema. "Akaniambia kosa ni lake, aliingia kona na moto mwingi. Anasema labda hafai, arudi kwao Cornwall akavue kaa na baba yake. Nikakaa pale nimeshika sahani. Sikufungua mdomo."

Mlango ukasukumwa. Gethin aliingia akihema, na Fergus nyuma yake akijifanya amekuja kwa ajili ya chai.

"Nilikwambia ubaki," Pyke alisema.

"Nimebaki, nimechoka." Gethin akaona bahasha, akaona uso wa Merle, akajua imekwisha. Akakaa kwenye kreti. "Sawa. Lambert, wewe ni mtu wa mchezo huu. Andika watoto waliuchezea uzio. Andika utepe ulikuwa umechakaa kiwandani. Kiwanda kiko mbali, hakitalia."

"Jory anaamini hajui kuendesha."

"Nitamwambia mwenyewe! Nitamnong'oneza!"

"Utamnong'oneza Jory, na ligi nzima itaendelea kusema ni Tisdall. Nimesikia gari lake limemwagiwa rangi."

"Rangi ya timu," Fergus alisema. "Nyeusi. Haionekani sana."

"Gari ni jeupe," alisema Pyke.

"Andika jina langu," Merle alisema.

Gethin akavua kofia yake, akaizungusha mkononi.

"Merle, mpenzi, sikiliza. Wewe una kizibao chetu. Wewe ni mtu wa klabu. Akiandika jina lako, leseni inasimama leo. Leseni ikisimama, kiwanja kimekwenda. Hapatakuwa na mbio Jumamosi hii, wala mwakani. Hapatakuwa na injini hapa tena, basi."

Merle akashika ukingo wa kaunta. Nje, upepo ulikuwa unapuliza bendera ya timu kwenye mlingoti, na kamba inagonga chuma, ting, ting.

"Mimi nilimweka pale ili asikie," alisema.

Fergus akajimiminia chai, akasahau kuinywa.

Pyke akatoa simu, akaandika ripoti palepale kaunta, kwa kidole kimoja, polepole, akiisoma kwa sauti kila sentensi ili asiwepo wa kusema hakusikia. Aliandika mapumziko, kifuniko, majivu, jina. Aliandika kwamba mwendeshaji Penhallow hakuwa na kosa lolote. Alipofika mwisho akasita, akakuna sikio.

"Bado jaribio," alisema.

"Jaribio gani?" Gethin aliuliza.

"Ajali ya uzio, kabla ripoti haijatumwa, mpelelezi anaweza kuagiza jaribio. Uzio ufungwe sawasawa, pikipiki moja, mizunguko minne kwa mwendo wa mbio, ili ijulikane kama udongo wa kona ulichangia."

"Hakuna mtu aliyewahi kuagiza hilo."

"Limo kwenye kanuni. Nililipigania mimi mwenyewe kamatini, mchana mzima, mpaka wakalikubali wapate kwenda kula. Na leseni yenu ni hai mpaka nitume ripoti, si kabla." Akaiweka simu mezani, kioo kikitazama chini. "Piga simu ya ambulensi na daktari. Bila wao hakuna injini."

Gethin alikuwa anamtazama kinywa wazi. "Nani ataendesha? Vijana wote wamekwenda makwao. Yule mwendeshaji wetu Mpolandi yuko ndegeni."

"Yeyote mwenye leseni hai ya kuendesha."

Rangi ikampanda Gethin kuanzia shingoni, kama mtu aliyekamatwa na picha ya msichana. Akatoa pochi. Nyuma ya kadi ya benki kulikuwa na kadi nyingine, imekunjika pembe. Pyke akaiangalia mbele na nyuma.

"Ya mwaka huu?"

"Ya kila mwaka. Naihuisha tu. Mazoea."

"Mara ya mwisho kupanda pikipiki ulikuwa na nywele."

"Basi nirudishie."

"Inafaa," Pyke alisema, akampa. "Merle, hicho kizibao."

Merle akakivua, akakikunja mara mbili, akampa. Bila hicho alionekana mdogo zaidi. "Na uzio?" aliuliza. "Utepe unataka brashi ya nywele ngumu, si ile ya—"

"Fergus ataupiga. Wewe huruhusiwi tena ndani ya uwanja. Nenda jukwaani na watu wengine."

"Watu wengine wapi?"

"Wewe ndiye watu wengine."

Ambulensi ilifika baada ya chakula cha mchana, na daktari mwanamke aliyesema ameambiwa ni dharura, sasa mgonjwa ni nani? Akaonyeshwa Gethin, akaridhika. Jezi ya ngozi ya zamani ilikuwa imeletwa kutoka nyumbani kwake. Zipu yake ilifika kitovuni ikakataa kupanda, wakamfunga mkanda juu yake. Kiatu cha chuma cha mguu wa kushoto, ule unaoburuzwa kwenye kona, kiliingia vizuri. Miguu hainenepi, Gethin aliwaambia, na akakitazama kiatu kile kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Pyke aliikagua pikipiki ya akiba ya Jory kama anavyokaguliwa mgeni: kamba ya mkononi inayozima injini mtu akianguka, kinga ya matope nyuma, yote. Akaenda kona ya tatu, akavuta kila kifuniko kwa uzito wake wote. Akakivuta hata kile chenye majivu, ambacho Fergus alikuwa amekipiga brashi na kukusanya vumbi lote kwa kiganja na kulirudisha chini ya mto bila kuambiwa. Kikashika.

"Injini," alisema Pyke.

Fergus akasukuma, pikipiki ikakohoa, ikakohoa, kisha ikanguruma, na njiwa wakaondoka wote kwa pamoja. Harufu ya mafuta ya moto ikaja juu ya majani. Gethin akatoka.

Mzunguko wa kwanza aliendesha kama mtu anayebeba mayai. Jukwaani, kona ya tatu, Merle akapanda juu ya ngazi ya pili.

"Fungua moto, bibi harusi wewe!" alipaza sauti. "Unakwenda kanisani?"

Sijui Gethin alisikia au ni mkono wake uliokumbuka. Mzunguko wa pili gurudumu la nyuma likatoka nje, pikipiki ikalala, kiatu cha chuma kikakwangua, na udongo mwekundu ukaruka juu ya mito ya hewa ukamwangukia Merle kifuani na usoni. Hakuinua mkono kujikinga. Wa tatu akaja kwa kasi zaidi. Wa nne alipita karibu kabisa na uzio, mahali ambapo Leo alikuwa akiwapitia watu, na kelele ikagonga paa la jukwaa tupu ikarudi maradufu.

Kisha akazima. Kimya kikashuka juu ya uwanja wote. Daktari akaanza kukunja kiti chake.

Pyke alikuwa amesimama kando ya uzio, simu mkononi, kidole juu ya kitufe.

"Mizunguko minne," alimwambia Merle kupitia wavu. "Ndivyo kanuni inavyosema."

"Najua inavyosema, mpenzi." Uso wake wote ulikuwa mwekundu wa udongo, na michirizi miwili safi ilikuwa imeshuka mashavuni. "Sikukuuliza kanuni."

Pyke akatazama uwanja. Gethin alikuwa ameketi juu ya pikipiki pale mstarini, kofia ngumu mapajani, anahema kama farasi, anacheka peke yake.

"Daktari, kaa kidogo," Pyke alisema. "Jaribio hili sikuliona vizuri. Nimeingiwa na udongo machoni." Akaitia simu mfukoni, akainua fimbo juu. "Fergus! Msukume tena!"

Ripoti aliituma jioni, kabla ofisi ya ligi haijafungwa. Jina la Merle lilikuwemo, na hapakuwa na uwongo popote. Mahali pa kujaza idadi ya majaribio, ambapo kanuni inataka moja, aliandika saba.